Mungu wa kifo au mungu wa mauti?

Swali: Natafsiri maelezo ya City of Heroes, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2004. Yumo Mot, mungu wa kale aliyefungwa chini ya mtaa wa Dark Astoria. Nimwite mungu wa kifo au wa mauti? Na nikimpa jina la Mauti, niseme “Mauti amefungwa” au “yamefungwa”?

Jibu: Andika “mungu wa mauti”, kwa m ndogo. Kifo ni tukio: kina saa, kina chanzo, kinahesabika. Polisi huripoti vifo vitatu. Hujasikia wakiripoti mauti matatu. Mauti ni ile nguvu inayomjia mtu, ndiyo maana tunasema yalimkuta, yalimfika.

Tena neno hilo lina undugu na jina lake. Mot ni wa Ugariti, mji wa kale wa pwani ya Syria, ambako mabamba ya udongo yenye maandishi yalianza kufukuliwa mwaka 1929. Kwa lugha ya huko, “mot” ndilo neno la kawaida la mauti. Kiugariti na Kiarabu ni ndugu, nasi “mauti” tumelipata kwa Waarabu, sawa na “maiti”. Basi ukimwita Mauti, hujambandika jina geni.

Nomino ya kawaida huchukua ya-: mauti yalimfika (Biblia ya Muungano ina “Mauti imemezwa”, na si kosa). Mhusika huchukua a-: Mauti amefungwa, Mauti huyu. Usitegemee herufi kubwa, kwa kuwa mwanzoni mwa sentensi kila neno linayo. Kitenzi ndicho kinachotenganisha.

Mtego uko kwenye kiambishi cha mtendwa, yaani -m- au -ya- ndani ya kitenzi. Katika mabamba hayo mungu wa kike Anati anamkata Mot, anampepeta, anamchoma, anamsaga, kisha anamtawanya shambani. Mtafsiri huanza vizuri na “akamkata”. Akifika kwenye kusaga anateleza, “akayasaga”, na msomaji anadhani ni mahindi.

Izraili mwache. Huyo ni malaika, hutumwa; Mot hatumwi na mtu, anameza kwa njaa yake mwenyewe, mdomo wa chini ardhini na wa juu mbinguni.

Yote mawili yakikutana, andika hivi: Mauti alipoamka, mauti yaliwafika wakazi wa mtaa mzima.