Mawe ya piramidi: yalibebwa au yalikokotwa?

Kuna mama kauliza: mwanae wa darasa la saba kaandika kwenye insha "watumwa walibeba mawe makubwa wakajenga piramidi", mwalimu akakata walibeba akaweka walikokota, sasa si yale yale tu, jiwe si limetoka huku limefika kule?

Hapana mama, si yale yale, na mwalimu kapatia kabisa. Ukibeba kitu maana yake umekiinua, uzito wote uko juu yako, kichwani, begani, au mgongoni kama ulivyokuwa unambeba huyo mwanao. Jiwe la piramidi ya mfalme Khufu, ile kubwa kuliko zote kule Giza, Misri, kwa wastani ni tani 2 na nusu hivi, nani atalitia begani? Kukokota ni kuvuta kitu kizito taratibu kwa nguvu na kiko chini bado, ndo maana tuna mkokoteni, na mtu anayetembea kwa shida tunasema anajikokota. Kuvuta peke yake ni jepesi mno hapo, hata pazia unavuta.

Na Wamisri wenyewe wametuachia picha. Kwenye kaburi la Djehutihotep, mkuu wa jimbo mmoja wa huko, la karne nyingi baada ya Khufu, wamechorwa watu 172 wamejipanga mistari wameshika kamba wanakokota sanamu kubwa iliyofungwa juu ya mbao zisizo na magurudumu, na mbele pale miguuni pa sanamu kuna mtu kasimama anamimina maji chini. Mchanga ukilowana kiasi haurundikani mbele ya mbao, mzigo unateleza. Sasa kama jiwe lingekuwa linakwaruza chini lenyewe bila mbao, hapo mimi ningesema wanaliburuta.

Ila kubeba nako kuna mahali pake, mtoni. Karatasi za kale za mafunjo zilizopatikana 2013 kule Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, zina shajara ya Merer, kiongozi wa kikosi cha watu kama 40, walikuwa wanaleta mawe ya chokaa toka machimbo ya Tura mpaka Giza kwa mashua, kwa njia ya Mto Nile. Mashua inabeba, haikokoti.

Neno ambalo mwalimu kaliacha na mimi ningeligusa ni hilo watumwa, maana makaburi ya wajenzi yamekutwa palepale Giza, na watu waliodharauliwa wasingezikwa kwa heshima vile kando ya mfalme wao. Mwambie aandike hivi: Mashua zilibeba mawe mpaka Giza, wafanyakazi wakayakokota mpaka juu.