Maswali na majibu: Damu baada ya mionzi, tena

Wiki hii karibu wote mmeuliza kitu kimoja kwa midomo tofauti, damu yangu imeharibika kiasi gani baada ya mionzi. Haya tuanze, na swali la bitiruti liko chini, nalijibu kwa mara ya mwisho.

Nimechomwa mara 25, saratani ya mlango wa kizazi. Juzi nimepima CBC iko poa kabisa. Ina maana jeni zangu hazijaguswa? (Mama J, Busia)

Hapana mama, CBC inahesabu chembe tu, nyekundu ngapi nyeupe ngapi, haichungulii ndani. Ni kama kuhesabu mbuzi jioni, wametimia wote zizini lakini nani amerudi na kidonda hujui.

Kuona ndani ni kazi ya siku kadhaa. Damu inatiwa kwenye chakula cha chembe, halafu inawekwa dawa inayotolewa kwenye maharage mekundu, ndiyo, hayahaya tunayokula na posho, kwa sababu zile chembe nyeupe zinazoitwa limfosaiti zikiwa kwenye damu zimelala, na hiyo dawa ndiyo inaziamsha zianze kugawanyika. Zinakaa kwenye joto la digrii 37 kama saa 48, na karibu na mwisho inaongezwa dawa nyingine ya kuzisimamisha palepale kromosomu, yaani vifurushi vya DNA, ule uzi unaobeba jeni, zikiwa zimejikunja nene nene. Hapo sasa unapaka slaidi, unakaa kwenye maikroskopu, unahesabu. Kromosomu nzima ina kiuno kimoja. Iliyovunjika ikaungana vibaya na mwenzake inakuwa na viuno viwili, na pembeni yake mara nyingi kuna kakipande kamebaki yatima, hakana kiuno kabisa. Kwa mtu ambaye hajapigwa mionzi unakuta ya viuno viwili kama moja kwenye chembe 1,000, ndiyo maana tunahesabu mia tano mpaka elfu kwa mtu mmoja. Nimekalia hicho kiti miaka, ikifika slaidi ya tatu hata matoke unayaona yana viuno viwili.

Na wewe mama ukipimwa hivyo watakuta tu, mionzi imekupitia, hilo halihitaji kulipia.

Kama uharibifu unaonekana si bora niache, nimebakiza siku 9? (hakuweka jina)

Usiache.

Nimeandika hilo kwanza peke yake usije ukasema hukuliona. Kuvunja DNA ndiyo kazi yenyewe ya mionzi, haijavuja kwa bahati mbaya. Dozi inagawanywa vidogo vidogo, mara nyingi grei 2 kwa siku (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), ili chembe nzima zipate muda wa kujishona kabla ya kesho na zile za saratani zishindwe kwa sababu kushona kwao ni kubovu. Kuna kipimo kinachopaka rangi sehemu DNA ilipokatika, ndani ya nusu saa unaona vidoti vinang'aa kama taa za Kampala ukiwa juu kilimani usiku, kesho yake vingi vimezimika. Mwili unafanya kazi jamani. Ukiruka siku unaipa saratani nafasi ya kupumua. Na mmesahau haraka, 2016 mashine pekee ya mionzi nchini Uganda ilikufa, watu walilia, wenye bahati wakapelekwa Nairobi, nyingine ikaanza kazi Januari 2018. Leo mtu ana nafasi yake anaiacha kwa sababu ya meseji ya WhatsApp.

Nilituma damu ya mgonjwa na basi kutoka Arua, maabara ya Kampala wakaikataa. Kwanini? (kijana wa maabara)

Tyubu ya kifuniko cha zambarau, si ndiyo? Hukuandika lakini najua. Mdogo wangu, damu ya kukuza chembe inaenda kwenye tyubu ya kijani yenye heparini, ile ya zambarau ni ya CBC, dawa yake inakamata kalsiamu na chembe zinagoma kukua. Usiigandishe kwenye barafu pia, na usiiache kwenye dashibodi inachemka. Na andika saa uliyotoa damu, na lini mgonjwa alichomwa mara ya mwisho, maana hivyo vidoti nilivyosema hapo juu bila saa havina maana yoyote. Mimi mwenyewe niliwahi kupokea boksi zima lebo zimefutika kwa jasho la barafu, kazi ya wiki tukaimwaga kwenye sinki. Nilinyamaza siku nzima.

Hicho kipimo cha kuhesabu viuno kinaweza kusema nimekula grei ngapi? (Mzee O, Gulu)

Kwa mtu aliyepigwa mwili mzima kwenye ajali, ndiyo, na vizuri sana. Kwako mzee hapana, au kwa shida, maana mashine imelenga sehemu moja na damu ilikuwa inapita tu, kwa hiyo chembe moja ina majeraha manne na jirani yake hana hata moja, ukichukua wastani unajidanganya. Na msilinganishe namba ovyo: grei 50 kwenye nyonga kidogo kidogo kwa wiki tano ni matibabu, grei 4 mwili mzima kwa mara moja bila matibabu inaweza kuua nusu ya watu.

Nina miaka mitano tangu nimalize mionzi, uharibifu bado unaonekana?

Kromosomu za viuno viwili zinapungua chembe zikifa. Zilizobadilishana vipande zikabaki na kiuno kimoja zinakaa zaidi, ila kuziona lazima upake rangi maalumu.

Mtoto wangu atarithi?

Majeraha ya kwenye damu hayarithiwi. Ila mimba wakati wa mionzi hapana, ongea na daktari wako.

Mume wangu anaogopa kulala na mimi, ati nina mionzi.

Kama ulichomwa na mashine ya nje, huna. Mwambie arudi kitandani.

Juisi ya bitiruti inarudisha DNA? Na kuna kliniki karibu na taxi park unashika kichuma, kompyuta inatoa asilimia ya DNA iliyoharibika, dakika 15 tu.

Bitiruti ni chakula, kula. Huyo wa kichuma ni mwizi. Hata kile kipimo chetu cha haraka, ambacho DNA iliyokatika inavutwa na umeme mpaka chembe inaonekana kama nyota yenye mkia, kinakula karibu siku nzima, na kinataka damu, siyo kiganja. Dakika 15 hata hayo maharage hayajaanza kuchemka.