Usimtazamie mteja: niliyojifunza kwa kutumia picha za taroti katika ushauri nasaha

Mwaka wangu wa pili kazini, hapa Mombasa, nilimwekea mama mmoja mezani karata iitwayo Nane ya Panga, mojawapo ya zile karata za picha za taroti ambazo wengi huzitumia kuagulia. Pichani mwanamke amefungwa kamba mwilini na kitambaa machoni, na panga nane zimechomekwa ardhini pande zake. Nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua: "Mama, tazama, miguu haikufungwa. Huyu ni wewe, na njia iko wazi." Akaitikia kwa kichwa, machozi yakamtoka, nami nikaandika kwenye faili kwamba kikao kimekwenda vizuri. Wiki iliyofuata alikuja na mdogo wake. Amemleta, alisema, ili nimtazamie kama mchumba wake aliyeko Jeddah atarudi.

Neno hilo, kutazamia, lilinikaa kooni siku nyingi. Mama yule hakukosea. Nilikuwa nimefanya kila anachofanya mpiga ramli: nimeketi upande wangu wa meza, nimesoma alama ambayo yeye haijui, nimemtolea habari zake. Machozi yake hayakuwa ya mtu aliyejitambua. Yalikuwa ya mtu aliyeambiwa.

Nawaandikia ninyi mliomaliza mafunzo juzi na mnaoniuliza kama picha hizi zafaa kutumiwa na mshauri nasaha. Zafaa, ila kwa masharti. (Visa vya wateja humu nimevibadilisha na kuvichanganya. Nanyi fanyeni hivyo kila mnapoandika.)

Kwanza zijue karata zenyewe, kwa sababu mteja atakuuliza zimetoka wapi na hufai kubabaika. Taroti ilizaliwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na ilikuwa mchezo. Seti ina karata 78. Kati ya hizo 56 zimegawanywa mafungu manne: vikombe, sarafu, panga na fimbo. Aliyewahi kucheza karata barazani anayajua mafungu haya bila kujijua. Kopa yetu ni copas ya Wareno, yaani vikombe. Uru ni ouros, dhahabu. Shupaza ni espadas, panga. Pau ni paus, marungu. Karata 22 zilizobaki ni Mjinga na zile 21 za Mwezi, Mnara, Kifo na wenzao, ambazo Waitaliano waliziita trionfi, karata za ushindi zinazokata nyingine. Kwa Wareno neno likawa trunfo, na kwetu turufu. Mzee mmoja nilipomweleza hayo alicheka, akavuta kiti karibu na meza. Hofu ilimtoka palepale.

Uaguzi ulikuja baadaye sana. Mwaka 1781 Mfaransa Antoine Court de Gébelin alidai kwamba karata hizi ni kitabu cha hekima ya makuhani wa Misri ya kale. Hakuwa na ushahidi, lakini dai lilipendwa na mpaka leo linauzwa. Picha ninazotumia mimi zilichapishwa London mwaka 1909. Zilichorwa na Pamela Colman Smith, msanii aliyeishi Jamaica kwa miaka kadhaa alipokuwa mdogo, kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Namshukuru sana mama huyu, maana hata karata ndogo, ambazo katika seti nyingi za kabla yake zilikuwa na vikombe vitano au fimbo kumi tu, yeye alizitia watu. Mtu ameketi kitandani usiku, uso ameufunika kwa viganja. Mtu amebeba mzigo wa fimbo kumi mpaka haoni mbele. Mtu wa joho jeusi anatazama vikombe vitatu vilivyomwagika, na viwili vizima viko nyuma yake. Mtu yeyote akizitazama picha hizo huanza kusimulia, na masimulizi hayo ndiyo tunayoyatafuta.

Wazo la kumpa mtu picha ili azungumze si geni katika taaluma yetu. Hermann Rorschach alitoa madoa yake kumi ya wino mwaka 1921. Mwaka 1935 Christiana Morgan na Henry Murray wa Harvard waliandika kuhusu jaribio lao, ambalo mtu huonyeshwa picha ya watu wenye jambo lisiloeleweka vizuri akatunga kisa. Lakini yale ni majaribio, na yana mafunzo yake. Taroti haipimi kitu. Ukiandika kwenye ripoti kwamba mteja ana huzuni kwa kuwa alichagua Tano ya Vikombe, ile ya mtu wa joho jeusi, umeharibu kazi.

Sasa turudi kwenye kosa langu, maana nanyi mtalifanya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1949, mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini kwamba ni matokeo yake mwenyewe ya jaribio alilofanya. Wakaombwa wayape alama, kuanzia 0 hadi 5, kwa jinsi yalivyowaelezea. Wastani ulikuwa 4.26. Wote walikuwa wamepewa maelezo yale yale, mengi ameyaokota kwenye kitabu cha unajimu. Msome Forer tena kila unapofurahi kwamba mteja ameitikia. "Unawajali wengine kuliko nafsi yako." "Kuna jambo hujalisema." Nani hataitikia? Kwetu kuna zaidi ya hilo: mteja amelelewa kumheshimu aliyesoma, na kumpinga mwalimu au daktari usoni ni utovu wa adabu. Kuitikia kwake ni heshima. Usikuchukulie kuwa ushahidi.

Kwa hiyo nilibadilisha vitu viwili, na ningekuwa na nafasi ya kuwafundisha viwili tu ningewafundisha hivyo. Cha kwanza, sizichanganyi wala sizifuniki. Natandaza karata kumi na tano hivi, picha juu, na mteja anachagua kwa macho yake akijua anachagua nini. Bahati imetoka mezani, na mpiga ramli ametoka nayo. Wapo wenzangu wanaofunika, wakisema kwamba kubahatisha humshtua mtu akaona asichokitarajia. Nawaelewa. Lakini wao hawajaletewa mdogo wa mteja aje kutazamiwa, na kwa mazingira yetu naona gharama ni kubwa mno.

Cha pili, siulizi maana. Nauliza, "Unaona nini?" Mteja aliyechagua ile Tano ya Vikombe akisema, "Naona huzuni," namrudisha taratibu: jicho lako limeiona wapi hiyo huzuni? Anasema, kwenye mabega. Anasema, mto umepita katikati na nyumba iko ng'ambo. Hapo huwa nanyamaza, na kunyamaza huku ndiko kugumu kuliko yote, kwa sababu umekwisha kuona daraja dogo pembeni na ulimi unakuwasha umwonyeshe. Usimwonyeshe. Akiliona mwenyewe katika kikao cha nne, litakuwa daraja lake.

Baadaye nauliza mwili. Kiswahili kinatupa zawadi hapa, maana sisi hisia zetu tumeshaziweka viungoni: moyo mzito, roho inauma, kifua kimebana, tumbo joto. Eugene Gendlin wa Chuo Kikuu cha Chicago alijenga njia nzima ya tiba juu ya kumsaidia mtu asikilize hisia hiyo ya mwilini kabla haijapata jina. Wateja wetu wengi hawahitaji kufundishwa hilo. Waulize tu, "Hii picha imekugusa wapi?" na mkono utakwenda wenyewe kifuani au shingoni.

Niwape mfano mmoja kwa urefu. Alikuja kaka mmoja, kifungua mimba, mshahara wake unalisha nyumba tatu. Halali usingizi. Kati ya picha zilizotandazwa alichukua Sita ya Sarafu: tajiri ameshika mizani mkono mmoja, kwa mkono mwingine anadondosha sarafu, na maskini wawili wamepiga magoti chini yake. Kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshamaliza kila kitu kichwani. Huyu ndiye mtoaji, amechoka kutoa, tutazungumza juu ya kusema hapana kwa ndugu. Nilikuwa nimeketi tayari kuelekea huko. Akaweka kidole juu ya maskini wa pili, yule aliyenyoosha mikono na bado hajapata kitu. "Huyu," akasema. "Zamu yake haijafika." Tukakaa kimya muda mrefu. Kisha akanisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akigawa kila kitu nyumbani kwa kufuata umri, kuanzia mdogo kabisa, nguo, nyama, hata salamu za jioni, na yeye mkubwa akiambiwa wewe ngoja. Alikuwa na miaka arobaini na moja na bado anangoja. Kama ningetangulia kusema lile langu la ndugu wanaomchosha, angeitikia. Lilikuwa kweli kiasi cha kutosha kuitikiwa. Na ningemwacha pale pale, amepiga magoti, mikono hewani.

Hapo ndipo swali la machale linapoingia. Mnaniuliza: je, mshauri asitumie machale yake? Atumie. Siku moja yalinicheza juu ya binti aliyekuwa akicheka kupita kiasi, nikamuuliza moja kwa moja kama anafikiria kujitoa uhai, na ilikuwa kweli. Lakini machale ni swali la kuuliza, si jibu la kutoa. Daniel Kahneman na Gary Klein, wanasaikolojia waliokuwa na misimamo iliyopingana juu ya jambo hili, waliandika pamoja mwaka 2009 wakakubaliana kwamba hisia ya ghafla ya mzoefu inaaminika pale tu mambo yanapofuata mpangilio unaoweza kujifunzwa, na pale mtu anapopata kujua mapema kama alipatia au alikosea. Zimamoto hupata jibu kabla moto haujazimika. Sisi mteja anaaga, anashukuru, na mara nyingi hatujui. Ndiyo maana nina daftari. Kila machale yanaponicheza naandika mstari mmoja baada ya kikao: nilidhani nini, na nini kilinifanya nidhani. Miezi ikipita narudi kuweka alama. Kurasa zangu za mwanzo zimejaa misalaba, yaani alama za kukosea, na nilipozipeleka kwa msimamizi wangu tuligundua kwamba nyingi zilihusu wanawake wa umri wa dada yangu mkubwa. Nilikuwa namsikia dada. Bila daftari ningeendelea kuita hilo kipaji.

Karata zanisaidia hapo pia, kwa nafsi yangu. Asubuhi ya siku ya kazi nachagua picha moja, naandika naona nini na mwili unasema nini. Ikiwa leo macho yangu yanakimbilia kila mzigo na kila kisu, najua nimeingia kazini nikiwa nimechoka, na kwamba nitawaona wateja wangu wote wamechoka.

Kuna jambo limehifadhiwa katika kumbukumbu za Carl Gustav Jung, daktari wa akili wa Uswisi, ambalo nalirudia kwa kila mwanafunzi. Mwishoni mwa 1925 alishuka meli hapa hapa Mombasa, akapanda treni kwenda Nairobi, akaendelea hadi kwa watu wa Mlima Elgon. Kwa Kiswahili chake cha kutegemea kamusi ndogo aliwauliza habari za ndoto zao. Wakamwambia hawaoti. Hatimaye mzee mmoja, mganga wao, alimjibu machozi yakimlenga: zamani waganga waliota, wakajua vita na maradhi, wakajua mvua na mahali pa kupeleka mifugo. Tangu Wazungu waje, ndoto hazihitajiki tena, kwa sababu Waingereza wanajua kila kitu. Kila ninapotaka kumfafanulia mteja karata yake namkumbuka mzee yule. Naweza kuwa mimi ndiye yule Mwingereza mkuu wa wilaya, ajuaye kila kitu, chumbani humu.

Yapo ya kutahadhari. Mtu anayesikia sauti, au anayeona ujumbe wake kwenye redio na namba za magari, usimpe karata hata moja. Aliyefiwa karibuni, au mwenye fikra za kujidhuru, toa Kifo, Mnara na Kumi ya Panga kabla hajaketi. Mwambie msimamizi wako kwamba unazitumia. Hapa Kenya tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, isome.

Na dini. Muulize mteja waziwazi kabla kisanduku hakijafunguliwa. Muislamu anaijua aya ya 90 ya Surat Al-Maida inayokataza ramli, Mkristo anajua Kumbukumbu la Torati 18, na kumshawishi kwamba "hizi ni picha tu" ni kumkanyaga. Mara nyingi anayekataa namwambia aje na kanga zake tatu kutoka nyumbani. Dada mmoja alileta iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio." Aliinunua, alisema, kumrushia wifi yake. Akaitandaza magotini, akawa anausoma mstari ule kwa kidole, herufi kwa herufi, kama mtoto wa chuoni. Alipofika mwisho akauliza, akijiuliza mwenyewe, kwa nini basi yeye aliolewa siku ile mama yake aliyoitaka, na mtu yule mama yake aliyemtaka. Sikujibu. Kikao kilipoisha aliikunja kanga polepole, pindo kwa pindo, akaitia mkobani, akasema wiki ijayo ataileta tena.