Aliondoka na diski shingoni

Mhariri, wiki hii mmeuliza shule za serikali ziwasaidie vipi watoto wa jamii za asili kama Waogiek wa msitu wa Mau hapa Kenya, na kama kuna haja ya kuwaomba radhi. Nilikuwa na jibu tayari: kuomba radhi hakuleti dawati. Wapelekeeni walimu, vitabu na chakula cha mchana, basi.

Halafu nikakumbuka diski. Waliosoma miaka ile wanaijua: kipande cha ubao chenye kamba, unavishwa ukisikika ukiongea lugha ya mama, na huivui mpaka umnase mwenzako. Anayekutwa nayo jioni anachapwa. Mwaka 1986 nilikuwa kiranja wa darasa la tano katika shule moja upande wa Njoro, na asubuhi diski ilianzia mkononi mwangu.

Darasani tulikuwa na mvulana mmoja Mogiek, kutoka juu msituni. Tulimwita Ndorobo, jina la dharau, kama wazazi wetu walivyowaita watu wake. Sisi tulinong'onezana Kigikuyu au Kikipsigis huko pembeni na kufichiana siri. Yeye hakuwa na wa kumfichia. Siku hiyo mwalimu wa sayansi aliinua tawi, akauliza ni la mti gani. Kimya. Yule mvulana, ambaye tangu muhula uanze hakuwahi kunyoosha mkono, akanyoosha. Akautaja mti kwa jina la kwao, akaendelea kueleza, mikono ikisaidia pale tusipomwelewa: maua, nyuki, mzinga unavyopandishwa juu. Uso ulikuwa umemng'aa. Mwalimu akanitazama. Nikainuka, nikamvisha diski.

Nilijiona nimetimiza kazi. Jioni alichapwa sita, akatoka mbio na diski ingali shingoni, akashika njia ya msituni. Hakurudi tena. Hakuna aliyetumwa kumfuata. Kabla ya wiki kwisha shule ilikuwa imechonga diski nyingine, nami nikakabidhiwa.

Sasa jibu langu la kwanza linanikwama. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliamua kwamba Serikali yetu ilivunja haki za Waogiek ilipowafukuza Mau. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia na watambuliwe, lugha yao ikiwemo. Ila ombi kwamba Serikali iwaombe radhi hadharani halikukubaliwa. Wakati ule niliona sawa. Leo sioni sawa. Hotuba ya waziri chini ya hema siitaki. Nataka shule kama ile yangu iende kwa wazazi wale, itaje diski, itaje viboko, iseme ilikosea. Nami niwepo, maana mkono uliomvisha ni wangu.

Walimu bado nawataka, tena Waogiek wenyewe waajiriwe kwanza kule kwao Nessuit na Mariashoni. Sera inataka gredi ya kwanza hadi ya tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo, na bila mwalimu wa kwao, lugha ya eneo itakuwa ya jirani mwenye watu wengi. Nalisema hili nikijua binti yangu ana cheti cha ualimu na huu ni mwaka wa sita anaisubiri TSC, tume ya walimu, imwajiri. Akisoma barua hii atanuna, na sitamwambia hana sababu.