Muulize Fundi wa Matangi: Nani akae na samaki-simba?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za watu waliofuga samaki wala-wenzao, kwa hiyo ukurasa nimewaachia wao. Wenye samaki wapole mtanivumilia hadi toleo lijalo.

Samaki wangu wanapotea usiku

*Fundi, asalaam aleikum. Nina tangi la maji ya bahari la lita 450. Ndani yupo samaki-simba mmoja wa kama sentimita 20, nikamwekea samaki wadogo wanane wa buluu ili tangi lichangamke. Kila nikiamka nakuta wamepungua. Sasa wamebaki watatu, na huyo samaki-simba sijamwona hata siku moja akimfukuza mwenzake. Mwenye duka ananiambia niongeze kikande na chewa, eti wakali kwa wakali huheshimiana. Ni kweli?*
— Mama wa Nyali

Waaleikum salaam, dada yangu. Hujamwona akifukuza kwa sababu hafukuzi. Kaa mbele ya tangi magharibi, kabla hujawasha taa ya sebuleni, umtazame. Atasogea taratibu, kichwa kimeinama, mapezi ya ubavuni ameyatandaza huku na huku mpaka yule mdogo aliye mbele yake abanwe kwenye kona ya kioo. Kisha anatulia tuli. Mara nyingine humpulizia maji, na mdogo, kwa kuwa samaki hupenda kuelekea mkondo unakotoka, anamgeukia. Hapo taya linafyatuka mbele, kinywa kinafunguka kuliko ulivyodhani, na mdogo hayupo. Hakuna kutafuna wala purukushani; hata mchanga hautibuki. Wewe unaamka asubuhi unahesabu.

Basi swali la kwanza kwa kila mnayemchagua ni moja: anaenea kinywani? Samaki-simba humeza samaki mwenye hata nusu ya urefu wake. Huyo wako ni wa sentimita 20 leo, lakini akilishwa vizuri atapita 30, kwa hiyo mpimie mwenzake kwa kinywa cha mwakani. Tena usitazame urefu peke yake. Samaki mwembamba wa sentimita 12 anateleza kooni kirahisi, ilhali mwenye mwili wa kimo, bapa kama sahani, anamsumbua hata mla-wenzake.

Sasa huo ushauri wa dukani. Mimi siupendi, na sababu yake wengi hawaitegemei: katika tangi la wakali, anayeumia zaidi huwa ni huyo huyo samaki-simba. Ana miiba yenye sumu, sawa, lakini ni mzito wa kuogelea, na yale mapezi yake marefu yanayopepea yanamwita kila mwenye meno. Kikande ana meno ya patasi na udadisi usiokwisha. Atauma pezi hapa, kesho pale, hadi umwone samaki-simba amejibana nyuma ya jiwe na mapezi yamebaki vijiti. Yule kikande wa madoa makubwa meupe tumboni, ambaye kila mteja humnyooshea kidole, hufika sentimita 50 na akiwa mkubwa hutawala tangi zima. Yule wa kijani mwenye mistari ya rangi ya chungwa ni mdogo zaidi ila ana roho mbaya zaidi. Kama ni lazima kikande awepo, kuna yule wa buluu nyeusi mwenye meno mekundu. Porini huogelea katikati ya maji akila viumbe vidogo vinavyoelea, na ndugu zake wachache wana upole wake. Lakini naye anakua, na lita 450 hazimtoshi.

Chewa ana tatizo jingine. Akiwa mdogo, samaki-simba anammeza. Akiwa mkubwa, yeye ndiye anayemmeza samaki-simba. Huko Bahamas chewa wamepasuliwa wakakutwa na samaki-simba tumboni, miiba na yote. Tuseme wamelingana, hakuna wa kummeza mwenzake. Bado kuna saa ya chakula. Unadondosha kipande cha kamba, samaki-simba anakitazama, anajipanga, anatandaza mapezi kama alivyozoea, na chewa ameshapita kama mshale na kukichukua. Kipande cha pili hivyo hivyo. Cha tatu, hivyo hivyo. Baada ya miezi miwili chewa ana tumbo kama la mwenye harusi, na samaki-simba amekonda mgongoni. Hakupigwa, hakuumwa, alinyimwa nafasi tu. Samaki wengi wa aina hii ninaoitwa kuwatazama wamefikishwa hapo kwa njaa, na mwenye nyumba anaapa kwamba analisha kila siku.

Ninayemkubali kwako ni tafi, au tasi kama asili yako ni Unguja. Ana mwili wa kimo, hula majani na ukungu wa mawe, hana haja na chakula cha mwenzake, na yeye pia ana miiba yenye sumu, kwa hiyo huachwa na heshima zake. Mchukue aliyekwisha kufika sentimita 15. Kangaja naye hufaa, ila katika tangi kubwa zaidi, maana anahitaji mbio. Wewe weka tafi mmoja, uishie hapo. Wala-nyama wanachafua maji kwa kasi, na chujio la lita 450 lina mwisho wake. Hao watatu wa buluu waliobaki warudishe dukani leo, kabla ya magharibi.

Na mlishe samaki-simba kwa koleo refu la plastiki: kipande cha kamba leo, ngisi keshokutwa, samaki wa baharini siku nyingine. Mara tatu kwa wiki zinamtosha mkubwa. Wale samaki wa maji baridi wanaouzwa wakiwa hai kwa ajili ya kulisha, usiguse. Mafuta yao si ya samaki wa bahari, na ini lake ndilo litakalolipa.

Mkunga na kamba

*Bwana Fundi, nina mkahawa Mtwapa na tangi la lita 800 karibu na meza za wateja. Nimepata mkunga mweupe mwenye mabaka meusi na vidoa vya manjano, urefu wake kama mkono wangu. Nataka kumwekea kamba wekundu wale wanaosafisha samaki, na kaa wachache. Nimesikia kamba hao mikunga haiwagusi. Je, na samaki-simba wanaweza kukaa pamoja?*
— Mwenye mkahawa

Ndugu yangu, kabla ya yote mtazame mdomoni anapohema, maana mkunga daima anafungua na kufunga mdomo. Hatishi mtu, anavuta maji tu. Mikunga mingi mikubwa ina meno marefu ya kuchoma, na hiyo hula samaki. Huyo wako, kwa sura unayoeleza, ana meno mafupi butu. Hayo ni ya kupondea magamba. Kwa maneno mengine umempata mla-kamba na mla-kaa halisi, na unataka kumjengea nyumba kisha ujaze chumba chake chakula. Ni kweli kwamba huko mwambani kamba wasafishaji huingia hadi mdomoni mwa mikunga mikubwa wakatoka salama. Lakini katika tangi, usiku, njaa ikiwa imempata huyu wa meno butu, mimi siwezi kumwekea dhamana kamba yeyote.

Samaki ni habari nyingine. Samaki wa kimo aliyezidi sentimita 12 atakaa naye vizuri, na samaki-simba pia. Hata ukiniuliza mimi binafsi jozi ninayoipenda katika tangi kubwa ni hiyo hiyo: mmoja analala pangoni na mmoja ananing'inia juu, na hawagombei mahali. Bado mlishe kila mmoja kwa koleo lake, kwa sababu mkunga haoni vizuri, anafuata harufu, na harufu ya kamba ikiwa kidoleni mwako yeye hatofautishi. Akishika haachii upesi. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba mkunga ana taya la pili ndani ya koo, ambalo huja mbele, likanasa windo na kulivuta ndani. Wafanyakazi wako waambie hilo kabla ya kuwakabidhi koleo.

Mambo mawili ya haraka. Mfuniko uwe mzito na kila tundu la bomba lizibwe, maana mkunga akipata upenyo utamkuta sakafuni chini ya meza ya mteja. Na mawe yakae juu ya kioo chenyewe, yasikae juu ya mchanga. Yeye huchimba, na jiwe likianguka kioo hakina huruma. Siku nyingine ununue kwa mvuvi mwenye leseni, na usikubali wa kutoka ndani ya hifadhi kama Watamu au Kisite. Humo hakuna kuvua.

Pweza na bunju

*Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi. Bunju wangu amezoea watu mpaka anakuja kioo kuomba chakula. Nimwekee pweza mdogo?*
— Kijana wa Tudor

Marahaba, mwanangu. Hapana. Mchana bunju atamkata pweza mikono kwa lile domo lake la kuvunja magamba. Usiku pweza akikua atalipiza. Pweza hukaa peke yake, tena tangi lake lifungwe kama sanduku. Juu ya hayo, pweza hawa wetu huishi kama mwaka mmoja tu au zaidi kidogo, na dawa ya shaba unayoweza kulazimika kuitumia kwa ugonjwa wa vidoa vyeupe vya samaki ni kifo kwake. Bunju wako mpe kaa na chaza wenye magamba yao, kwa sababu meno yake hayaachi kukua na yasiposagika atashindwa kufunga mdomo.

Narudi nyumbani kutoka Muscat

*Mjomba, mkataba wangu wa kazi unaisha na siwezi kusafiri na tangi. Samaki-simba wangu alivuliwa bahari hii hii. Si nimrudishe tu ufukweni?*
— Mtu wa Lamu, Muscat

Usimrudishe, mpwa wangu. Ni kweli ni bahari yake, lakini amekaa maji mamoja na samaki wa kununua kutoka nchi mbalimbali, na ugonjwa alioubeba huko hauonekani kwa macho. Na ukitaka kujua kufungulia samaki kunaweza kufika wapi, samaki-simba alionekana Florida mwaka 1985, bahari ambayo si yake, na wataalamu wanaelekeza kidole kwa wafugaji wa matangi. Leo amejaa Karibi yote.

Tafuta duka au mfugaji wa kumchukua. Usimlishe siku mbili kabla ya safari, ili asichafue maji njiani. Usimkamate kwa wavu, miiba inanasa. Mwingize polepole ndani ya chombo cha plastiki. Mifuko ya nailoni anaitoboa, kwa hiyo asafiri kwenye ndoo yenye mfuniko. Akikuchoma, tia mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nyuzi 40 hadi 45, kwa nusu saa mpaka saa moja na nusu, ukiyapima kwanza kwa mkono usiochomwa kwa sababu uliochomwa hausikii joto sawasawa. Kisha nenda hospitali, hata kama maumivu yamepungua, na ndoo umwachie mtu mwingine aibebe.