Walipima Nini Hasa? Kwa Wanaoanza Kusoma Tafiti za Saikolojia

Wadogo zangu mlioingia kwenye saikolojia mwaka huu, haitapita muda mtapewa makala ya utafiti, kurasa kumi na kitu za Kiingereza kizito, muambiwe wiki ijayo muiwasilishe mbele ya wenzenu. Wengi huanza ukurasa wa kwanza na kamusi mkononi. Wakifika wa tatu wamechoka, wamejaza daftari tafsiri za maneno, na ukiwauliza watafiti walifanya nini, hawana jibu.

Makala ya kisayansi haina haja ya kusomwa kuanzia juu kwenda chini. Soma muhtasari, halafu ruka utangulizi wote uende kwenye mbinu. Utangulizi utaurudia baadaye, na utauona mwepesi kwa sababu utakuwa unajua unaelekea wapi. Kwenye mbinu ndiko kwenye watu. Tafuta mtu mmoja wa kawaida aliyeshiriki utafiti ule ujiulize: alipatikanaje, alikaa wapi, aliulizwa nini na nani, na jibu lake liligeuzwaje kuwa namba? Ukiweza kumsimulia mtu huyo bila kuangalia karatasi, kazi kubwa umeimaliza. Kama huwezi, usiguse projekta.

Nitumie mfano wa nyumbani. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti wa Rebecca Stoltzfus na wenzake uliofanyika Pemba. Walitaka kujua kama madini ya chuma na dawa ya minyoo vinasaidia ukuaji wa mtoto katika lugha na katika kutumia viungo vya mwili. Watoto walikuwa 614, wa miezi 6 hadi 59. Kwa muda wa mwaka mmoja kuna waliopewa chuma kila siku, kuna waliopewa mebendazole kila baada ya miezi mitatu, kuna waliopata vyote, na kuna waliopata dawa bandia tu, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani. Wazazi hawakujua mtoto wao amepangiwa nini, na watafiti nao hawakujua.

Sasa uliza lile swali. Wanaposema "ukuaji wa lugha", walipima nini hasa? Hawakukaa na mtoto kumsikiliza akizungumza. Walimuuliza mzazi mtoto wake ameshafika hatua gani: anaweza hiki, bado hajaweza kile. Majibu yakajumlishwa kwenye mizani ya alama 20 kwa lugha na 18 kwa viungo. Kwa hiyo kila utakapoona neno "lugha" ndani ya makala ile, kichwani mwako soma "lugha kama alivyoieleza mzazi".

Hapa wanafunzi wetu hukimbilia kusema, "Huo ni udhaifu, mama atamsifia mwanawe." Ngoja kwanza. Mama akimsifia mwanawe, atamsifia awe amepata chuma au dawa bandia, maana hajui amepata ipi. Sifa hizo zinaweza kupandisha alama za kila kundi, lakini hazina sababu ya kulipandisha moja kuliko jingine. Ndiyo faida ya kuficha nani kapewa nini. Kinachobaki ni suala jingine: majibu ya mzazi yanaweza kuwa hayashiki mambo madogo madogo, na tofauti ndogo ikapotea humo. Ukosoaji wa maana unasema kasoro ingeyasukuma matokeo upande gani. Kutaja kasoro peke yake kila mtu anaweza.

Twende kwenye namba. Chuma kiliongeza alama za lugha kwa 0.8 kati ya 20, na kadirio la uhakika la asilimia 95 (kwa Kiingereza confidence interval, yaani masafa ambamo faida halisi inakadiriwa kuwemo) lilianzia 0.2 hadi 1.4. Kwa viungo, faida ilionekana kwa watoto waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu tu, wale wa hemoglobini chini ya gramu 90 kwa lita, yaani chini ya 9 kwa namna tulivyozoea kuiona kwenye karatasi za hospitali. Dawa ya minyoo, kwa upande wa lugha, iliongeza 0.3, na kadirio lake likaanzia 0.3 chini ya sifuri hadi 0.9 juu yake.

Mwasilishaji asiyekuwa makini atasimama aseme dawa ya minyoo haisaidii. Makala haikusema hivyo. Sifuri imo ndani ya kadirio, kweli, lakini 0.9 nayo imo, na hiyo inaizidi ile 0.8 ya chuma tuliyoifurahia sasa hivi. Sentensi sahihi ni kwamba utafiti huu haukuweza kutenganisha faida ya kiasi na kutokuwepo faida kabisa. Ni ndefu na haipendezi mdomoni, ndiyo maana watu huikata. Nyinyi msiikate.

Halafu kuna jambo ambalo mtu asiyesoma ndani hataliona: mebendazole ilipunguza minyoo ya mviringo na ile ya mjeledi, lakini haikupunguza safura. Na safura ndiyo mnyonyaji mkuu wa damu. Basi je, wamepima athari ya kuondoa minyoo, au athari ya kumpa mtoto dawa ambayo minyoo mibaya zaidi haikuisikia? Swali kama hilo, likitoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hufanya darasa zima likae vizuri kwenye viti.

Kuwasilisha. Hapa nitakuwa mfupi, kwani ukishasoma hivyo sehemu hii inajipanga yenyewe. Anza na swali la utafiti kwa Kiswahili ambacho shangazi yako angelielewa. Msimulie yule mshiriki mmoja. Onesha matokeo makuu kwa mchoro mmoja uliouchora mwenyewe. Jedwali lililopigwa picha kutoka kwenye makala halisomeki na mtu wa mstari wa nyuma. Kwa mfano wetu, mistari miwili ya makadirio na alama inayoonesha sifuri ilipo inatosha, na umeme ukikatika utaichora ubaoni kwa chaki. Usiseme "imethibitishwa". Sema "waliona" au "matokeo yanaelekea". Na usisome slaidi, tunajua kusoma.

Penye uzito ni mjadala, na hapa Visiwani Zanzibar una ugumu wake. Tumelelewa kutompinga mkubwa mbele za watu, na ni malezi mazuri. Matokeo yake darasani ni kwamba mwasilishaji anamaliza, watu wanapiga makofi, mmoja anasema "hongera, umewasilisha vizuri", kisha kimya. Sikubaliani na wanaodai ili tuwe wanasayansi lazima tuwe wakali. Iulize makala, usimuulize mtu. "Mwalimu, naomba kuuliza: hapa wameandika watoto waligawiwa kwa bahati nasibu, je kuna jedwali linaloonesha makundi yalilingana mwanzoni?" Hakuna aliyevunjiwa heshima hapo, na swali ni kali kuliko kelele. Nawe unayewasilisha, kumbuka hukuiandika wewe. Ukiulizwa usichokijua, fungueni ukurasa mtafute pamoja. Kuitetea makala kama mali ya familia kunachosha kila mtu.

Kuna hoja moja nawaomba muitumie kwa tahadhari, nayo ni ile ya "utafiti huu umefanyika Ulaya, hautuhusu". Ina msingi. Jeffrey Arnett mwaka 2008 alipitia majarida makubwa ya chama cha saikolojia cha Marekani, akakuta takriban asilimia 96 ya washiriki walitoka nchi za Magharibi, na asilimia 68 Marekani peke yake. Lakini kuisema hoja hiyo na kukaa chini ni uvivu. Eleza ni kitu gani hasa kingebadilika kwetu, na kwa nini.

Chukua lile jaribio maarufu la Walter Mischel: mtoto anawekewa kitamu mezani, anaambiwa akisubiri atapewa cha pili. Bettina Lamm na wenzake walilifanya kwa watoto wa miaka minne wa Ujerumani na wa jamii ya Wanso, wakulima wa Kameruni, ambao walitumia kitumbua cha kwao kinachofanana na kaimati zetu. Karibu asilimia 70 ya watoto wa Kameruni walisubiri. Wa Ujerumani hawakufika theluthi. Wengine kule Kameruni walisinzia kwenye kiti. Sasa jadilini: mtoto aliyekaa kimya mbele ya kaimati anaonesha uwezo wa kujizuia, au anaonesha kwamba mkubwa akisema kaa, unakaa? Je, jaribio linapima kitu kimoja Berlin na Micheweni kwetu Pemba? Mkilifikisha swali hapo, mmetoka kwenye malalamiko mmeingia kwenye sayansi, na mnaweza hata kubuni utafiti wenu.

Na msiyabebe matokeo ya utafiti mmoja kama hukumu. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitangaza kwenye jarida la Science kwamba limerudia tafiti 100 za saikolojia. Za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu, yaani ambayo si rahisi kutokea kwa bahati tu. Ziliporudiwa, asilimia 36 tu. Wapo waliobishana na hesabu hizo, na ubishi wao unafaa kusomwa pia. Mimi naona mwanafunzi akishaijua habari hii mapema huacha kuziogopa makala na huacha kuzisujudia.

Wanaotaka pa kuanzia, makala ile ya Pemba inapatikana bure mtandaoni. Isomeni wawili wawili, mmoja achukue upande wa chuma, mwingine wa dawa ya minyoo, kisha kila mmoja amueleze mwenzake bila karatasi. Sehemu ya mjadala wa watafiti ifunikeni kwanza. Andikeni wa kwenu kwa nusu ukurasa, ndipo muifunue mlinganishe.