Maswali ya Wasomaji: Jenerali Lee alisalimisha nini hasa?

SWALI: Shuleni tulifundishwa kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliisha tarehe 9 Aprili 1865, Jenerali Lee wa Kusini aliposalimu amri kwa Jenerali Grant wa Muungano, yaani upande wa serikali ya Marekani. Baadaye nikasoma kwamba watu waliendelea kupigana Texas mwezi Mei. Kipi ni sahihi?

JIBU: Vyote viwili vilitokea. Siku ile Lee alisalimisha jeshi moja tu, Jeshi la Virginia Kaskazini. Ni kweli tangu Februari alikuwa mkuu wa majeshi yote ya Kusini, yaani ya majimbo yaliyojitenga, lakini sahihi yake haikuwagusa askari waliokuwa Carolina, Alabama au Texas. Wala hapakuwa na mkataba wa amani wa kuwafunga wote kwa mpigo. Rais Lincoln wa Marekani hakuitambua kamwe serikali ya Kusini, na kutia naye sahihi mkataba kungekuwa ndiko kuitambua. Ndiyo maana tarehe 3 Machi Grant aliagizwa asikutane na Lee ila kwa ajili ya kulisalimisha jeshi lake au jambo dogo la kijeshi tu, na mambo ya siasa asiyaguse kabisa.

Basi kila jeshi likawa na siku yake na karatasi yake. Jenerali Johnston wa Kusini alitia sahihi tarehe 26 Aprili katika nyumba ya mkulima Bennett, Carolina Kaskazini. Yeye ndiye aliyesalimisha watu wengi kuliko wote, karibu 90,000, maana eneo lake lilifika mpaka Florida. Jenerali Taylor, naye wa Kusini, akafuata tarehe 4 Mei huko Citronelle, Alabama. Jeshi la magharibi ya mto Mississippi lilisalimishwa New Orleans tarehe 26 Mei, na kamanda wake, Kirby Smith, akaweka sahihi yake Galveston tarehe 2 Juni. Mapigano uliyoyasoma ni ya Palmito Ranch, tarehe 12 na 13 Mei, yaani kabla ya karatasi hiyo ya mwisho. Kusini walishinda pale, ingawa rais wao, Jefferson Davis, alikuwa ameshakamatwa Georgia tarehe 10. Jenerali wa mwisho kusalimu amri nchi kavu alikuwa Stand Watie, Mhindi Mwekundu wa kabila la Cherokee, tarehe 23 Juni. Baharini, meli ya kivita ya Kusini, Shenandoah, iliendelea kuwinda meli za kuvulia nyangumi huko kaskazini kabisa mwa Pasifiki, kisha ikaenda kujisalimisha Liverpool, Uingereza, tarehe 6 Novemba. Ukitaka tarehe ya kisheria, shika 20 Agosti 1866, siku Rais Andrew Johnson alipotangaza kwamba uasi umekwisha nchi nzima.

SWALI: Jeshi la Lee lililoshikilia mahandaki ya Petersburg, Virginia, miezi tisa liliwezaje kusambaratika kwa wiki moja?

JIBU: Tazama reli na chakula. Petersburg na Richmond, mji mkuu wa Kusini, zililishwa kwa njia chache za reli. Tarehe 1 Aprili Muungano walishinda pale Five Forks, na hapo njia ya mwisho iliyoingia Petersburg, ile ya South Side, ikawa haina ulinzi. Kesho yake mahandaki yakavunjwa, na usiku huo Lee akaondoka kuelekea magharibi. Alikusudia kufika Amelia, kituo kwenye njia ya reli, achukue chakula, afuate reli ya Danville kusini akaungane na Johnston.

Amelia hapakuwa na chakula. Palikuwa na shehena ya zana za mizinga, kitu ambacho watu wenye njaa na farasi waliokonda hawakukihitaji. Lee akatuma magari ya kukokotwa yazunguke mashambani kuomba nafaka. Yakarudi karibu matupu, na siku nzima ikapotea. Nadhani siku hiyo ndiyo iliyommaliza. Wapanda farasi wa Sheridan, jenerali wa Muungano, waliitumia kufika Jetersville na kuikalia reli ya Danville. Watu hukosea wakidhani Grant alikuwa anamfukuza Lee kutoka nyuma. Baadhi ya vikosi vilimbana nyuma, lakini vingine vilipita njia sambamba upande wa kusini ili vimtangulie. Tarehe 6, katika kijito cha Sailor's Creek, msafara wa Lee ulikatika vipande na akapoteza watu wapatao 7,700, wengi wao mateka, wakiwamo majenerali 8. Tarehe 8 Custer, jenerali wa wapanda farasi wa Muungano, akateka treni za chakula zilizokuwa zikimsubiri Lee kituo cha Appomattox. Asubuhi ya tarehe 9 askari wa Lee waliwasukuma wapanda farasi waliowazibia njia, wakakuta nyuma yao mistari ya askari wa miguu wa Muungano, pamoja na vikosi vya askari weusi. Siku hiyo Lee akasalimu amri.

SWALI: Askari wa Lee walipelekwa gerezani? Na kesi ilisikilizwa katika mahakama ya Appomattox?

JIBU: Hapana kesi. Appomattox Court House ni jina la kijiji. Ilikuwa Jumapili ya Matawi, mahakama imefungwa, na mazungumzo yalifanyika sebuleni kwa Wilmer McLean, mkazi wa hapo. Masharti yaliandikwa safi kwa wino na Ely Parker, Mhindi Mwekundu wa kabila la Seneca, ofisa wa Grant.

Gerezani hawakupelekwa. Kila mtu alipewa hati ndogo iliyochapwa, yenye jina lake na kikosi chake, ikithibitisha kwamba ameahidi kutoshika tena silaha na sasa anaruhusiwa kwenda kwao akae bila kubughudhiwa. Waliopewa walipita 28,000. Hati hiyo ilimpa pia usafiri wa bure katika treni na meli za jeshi. Maofisa walibaki na bastola na panga zao. Askari wenye farasi au nyumbu wao wenyewe waliruhusiwa kuondoka nao wakalime. Hili halikuandikwa katika masharti, Grant aliliahidi kwa mdomo, kama alivyokubali kutoa mgao wa chakula wa watu 25,000. Silaha zilikabidhiwa tarehe 12: askari wa miguu walipita mbele ya mistari ya Muungano, wakasimamisha bunduki zikiegemeana, wakatundika mikoba ya risasi juu yake, wakalaza bendera.

Sherman, jenerali wa Muungano, alipotaka kumpa Johnston zaidi ya hayo, akiingiza serikali za majimbo na haki za kisiasa katika karatasi ya tarehe 18 Aprili, serikali ya Washington iliikataa. Ikabidi Grant aende mwenyewe Raleigh, na karatasi ya tarehe 26 ikabaki na mambo ya kijeshi peke yake.